Singa za upinde wa fidla zikichakaa: fundi, mkono wako, upinde mpya au nyuzi za bandia?

Hufika siku mpiga fidla akapaka rozini (utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde ili ushike), akapiga, akapaka tena, na upinde bado unateleza. Sauti inakuwa nyembamba, inakwaruza mwanzoni mwa kila noti, na ukitaka kuvuta taratibu haishiki. Hapo kuna njia nne: kumpelekea fundi akuvishie singa mpya, yaani zile nywele za mkia wa farasi, kuzivisha mwenyewe, kununua upinde mwingine, au kuhamia nyuzi za bandia badala ya singa. Wengi wetu huchagua kwa bei. Mimi bei naiweka ya tatu. Kwanza utazame upinde wenyewe una thamani gani, pili hewa ya mahali unapopigia, ndipo ufungue pochi. Na kwa sisi wa pwani hilo la hewa ndilo linaloharibu pinde nyingi kuliko uzee.

Zimekwisha kweli, au zimechafuka?

Singa hazishiki uzi zenyewe. Kinachoshika ni rozini. Ule unga hunata kwenye singa, singa zikauvuta uzi kando, uzi ukachoropoka, ukashikwa tena. Uzi wa noti ya la (A) ukipigwa wazi hufanya hivyo mara 440 hivi kwa sekunde moja. Basi singa zilizoingia jasho na mafuta ya mikono hukataa rozini hata kama bado ni nzima, na weusi ule unaouona karibu na mahali pa kushikia ni ushahidi wa kutosha.

Jaribu kuzisafisha kabla ya kutumia pesa. Chukua kitambaa cheupe, kilowanishe kwa spiriti kidogo sana, ukiwa umeufunika mti wa upinde kwa kitambaa kingine kikavu. Spiriti ikigusa vanishi inaiyeyusha, na doa hilo halitoki. Futa singa kutoka chini kwenda juu, ziache zikauke, zichane kwa kitana chenye meno membamba, kisha paka rozini upya. Zikirudi kushika, umemaliza kazi.

Zisiporudi, au ukiona nyingi zimekatika upande mmoja tu, usiendelee kuvumilia. Singa zikipungua upande mmoja huuvuta mti kando, na mti uliopinda ni kazi ngumu kuunyoosha kuliko kuvisha singa. Dalili nyingine ni skrubu kufika mwisho huku singa bado zimelegea: zimeshanyooka, hazirudi. Anayepiga kila siku kwa kawaida hubadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12. Anayepiga mara moja kwa wiki anaweza kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kuna hali moja inayowachanganya watu. Fidla imekaa muda mrefu kwenye kasha, unafungua unakuta singa zimekatika zenyewe na zinaning'inia. Hao ni wadudu. Mabuu ya vidudu vinavyokula sufu na manyoya hupenda giza la kasha lililofungwa. Ukivisha singa mpya ukairudisha fidla kwenye kasha lile lile bila kulisafisha, zitaliwa na hizo mpya. Kung'uta kasha, piga brashi kila kona ya kitambaa cha ndani, liweke juani siku nzima likiwa wazi. Fidla yenyewe usiiweke jua.

Singa ipi?

Upinde mmoja wa fidla huchukua singa 150 hadi 200 za mkia wa farasi, zilizotandazwa kama utepe. Nyingi zinazouzwa duniani hutoka Mongolia, China na Siberia, kwa farasi wa nchi za baridi ambao singa zao husifiwa kwa uimara. Kwa fidla tafuta nyeupe ambazo hazikuchomwa kwa dawa ya kung'arisha. Singa yenye weupe wa asili huwa na umanjano kidogo. Ile inayong'aa kama karatasi mara nyingi imepitishwa dawani, na dawa huidhoofisha, ndiyo maana hukatika mapema.

Nyeusi ni nene na zina ukali. Wapiga dabalbesi, ile fidla kubwa ya sauti nzito, wanaotumia upinde huzipenda kwa sababu uzi mnene unataka mshiko mkali. Ila katika taarabu dabalbesi mara nyingi hupigwa kwa vidole, kwa hiyo sababu hiyo haituhusu sana. Kwa fidla zinakwaruza.

Swali la mkia wa punda au wa ng'ombe huulizwa mara kwa mara, na ni swali la haki kwa mtu wa Lamu anayeona punda mlangoni. Tatizo ni urefu. Singa inatakiwa ienee upinde mzima na ibaki ya kufunga mafundo pande mbili, wakati punda ana kishungi kifupi tu mwishoni mwa mkia. Mkonge nao una kazi yake kwingine: Wajaluo hufunga nyuzi zake kwenye upinde wa orutu, fidla yao ya uzi mmoja, na orutu ikalia vizuri, maana chombo kile kimejengwa kwa mkwaruzo ule. Fidla haikujengwa hivyo. Na mshipi wa kuvulia samaki uweke mbali kabisa. Ni laini mno, rozini haikai.

Kumpa fundi

Kwa upinde wa mti mzuri, hii ndiyo njia, na sioni haja ya kuizungusha. Pinde bora za fidla zimetengenezwa kwa pernambuco, mti wa Brazili uliopungua kiasi cha kuingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2007. Umbo la upinde tunaoutumia lilitulia Paris mwishoni mwa karne ya 18, kwa kazi ya mafundi ambao mashuhuri wao ni François Xavier Tourte (1747–1835). Tangu hapo singa hufungwa namna moja: fundo la juu huingia kwenye kishimo cha kichwa, fundo la chini kwenye kishimo cha kile kipande cheusi kinachoteleza ukizungusha skrubu (nitakiita kitako), na kila fundo hubanwa kwa kabari ya mti laini. Kichwa ni chembamba, na kishimo kinakifanya chembamba zaidi. Kabari ikiwa kubwa kwa unene wa kucha tu, kichwa kinapasuka. Kichwa kikipasuka, hata kikiungwa vizuri namna gani, thamani ya upinde imeondoka.

Fundi mzuri pia anakupa vitu usivyoviomba. Anaona kama uzi wa fedha karibu na kitako umelegea, kama ile shaba ndogo inayopokea skrubu imekwisha meno, kama bamba la kichwani lina ufa. Marekani kazi hii kwa kawaida ni kati ya dola 60 na 100. Ukijumlisha kutuma na kurudisha, utaona kwamba kwa upinde wa bei ndogo haina maana, na kwa upinde mzuri ni bei ndogo kabisa.

Mafundi wa kazi hii huku kwetu ni wachache. Uliza penye wapiga fidla wengi. Nairobi ina okestra tangu 1947 na chuo cha muziki, Kenya Conservatoire of Music, tangu 1944, kwa hiyo wapigaji wa huko wanajua nani anafanya nini. Zanzibar uliza chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichofunguliwa mwaka 2002, au vikundi vya taarabu vyenye safu ya fidla kama Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club. Mwulize mpigaji akuonyeshe upinde uliovishwa na fundi huyo mwaka uliopita, si wa wiki iliyopita. Wa wiki iliyopita wote hupendeza.

Tahadhari kwa wenye pinde za zamani: bamba jeupe la kichwani huenda ni pembe ya ndovu. Upinde wa namna hiyo usiutume nje ya nchi wala kusafiri nao kabla hujajua sheria za unakotoka na unakokwenda. Unaweza kuzuiliwa forodhani ukapotea.

Kuvisha mwenyewe

Njia hii wataalamu wengi huikataza, na kwa upinde wa thamani naungana nao. Lakini kwa upinde wa faiba au wa mti wa bei nafuu nasema kinyume: jifunze. Fungu la singa za kutosha upinde mmoja hupatikana kwa dola chache hadi 20 kutegemea ubora, na ukinunua za pinde kadhaa kwa pamoja bei hupungua. Kikundi cha taarabu chenye fidla nne au tano, au shule yenye watoto kumi na fidla za msaada, kikimtoa mtu mmoja mwenye mkono mtulivu akajifunza, hakitakaa tena mwaka mzima na pinde zenye singa hamsini.

Kazi inakwenda hivi. Legeza skrubu mpaka itoke, kitako kitoke pamoja na singa. Zikate za zamani kwa mkasi. Kwenye kitako vuta pete ya bati mbele. Mara nyingi kuna kabari nyembamba iliyobana singa ndani ya pete, itoe. Sukuma kile kibamba cha lulu kiteleze nje, utaona kishimo na kabari yake. Ing'oe kwa kitu chenye ncha, ukiegemea upande wa kabari na si ukingo wa kishimo. Kichwani fanya vivyo hivyo, polepole zaidi. Kabari za zamani usizitupe. Ndizo kipimo chako cha kuchonga mpya.

Funga fungu la singa kwa uzi imara, zungusha mara nyingi, kaza, kisha kata ncha zibaki milimita moja au mbili juu ya uzi. Pakaa rozini kwenye ncha hizo na uziguse na moto wa kibatari kwa sekunde moja: singa zinavimba na rozini inazigandisha, fundo halichoropoki tena. Liingize kwenye kishimo cha kichwa, bana kwa kabari. Kabari ikae kwa kubana kwenyewe. Gundi usiitie, hata tone. Atakayefungua mara ijayo, na huenda ni wewe, atalazimika kuichimba, na kuichimba ndiko kunakopasua vichwa.

Sasa lowesha kitana, chana singa kutoka kichwani hadi chini mpaka hakuna moja iliyopita juu ya nyingine. Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo upinde unapoharibika. Singa zilizovukana hazikazwi sawa: moja inabeba mzigo, nyingine imelala. Ukiridhika, pima fundo la pili lianguke wapi, kitako kikiwa kimesogezwa mbele kabisa. Funga, kata, choma, ingiza, bana. Rudisha kibamba, rudisha pete, na mwisho sukuma ile kabari nyembamba ndani ya pete ili singa zitandazike zienee upana wote. Kabari hii ikiwa mbaya, utepe unajikusanya katikati na upinde hauna upana wa kuushika uzi.

Acha zikauke kabla ya kukaza, kwa sababu singa mbichi ni ndefu kuliko kavu. Upinde mpya huchukua rozini nyingi mara ya kwanza. Isage iwe unga, uipake kwa kidole kilichofungwa kitambaa, kisha endelea na kipande.

Upinde wa kwanza hautakuwa mzuri. Ndiyo maana nasema uanze na uliochakaa, ambao hata ukivunjika hulii.

Kuna mafungu yanayouzwa yakiwa yameshafungwa mafundo pande zote mbili. Wazo hilo si geni: Jean-Baptiste Vuillaume wa Paris, katika karne ya 19, alitengeneza pinde ambazo mpigaji mwenyewe angezibadilisha singa zilizokatwa tayari kwa urefu mmoja. Ugumu ni kwamba urefu ulioamuliwa kiwandani haujui hewa ya kwako, na pinde za viwanda tofauti hazilingani. Ukiyatumia, pima mara mbili kabla ya kufungua ya zamani.

Upinde mpya

Hapa ni kifupi. Ikiwa mti umepinda, kichwa kina ufa, au skrubu haishiki, usivishe singa. Nunua. Na ukinunua, upinde wa kaboni unastahimili joto la gari na unyevu kuliko mti wa bei nafuu, hivyo kwa mwanafunzi wa pwani ni chaguo zuri. Pinde za bei ya chini kabisa kwenye mitandao huja na singa chache na kabari zilizotiwa gundi. Ni za kutumia mpaka ziishe. Kwa mtoto anayeanza zinatosha.

Nyuzi za bandia

Nyuzi za bandia zina fadhila mbili za kweli: wadudu hawazili, na unyevu hauzirefushi wala ukavu hauzifupishi. Kwa mtu anayepiga nje, ufukweni, kwenye harusi za msimu wa mvua, hizo si fadhila ndogo. Pia wako wasiotaka kutumia kitu cha mnyama, na kwao njia ni hii.

Mshiko ndio unaopungua. Zile za bei rahisi ni nailoni tupu na huteleza. Zilizotengenezwa kwa uangalifu zina ngozi iliyokwaruzwa ili rozini ikae, na baadhi hufanya kazi vizuri. Sikiliza zaidi upinde unapovutwa taratibu. Kwenye taarabu fidla hufuata sauti ya mwimbaji, zikizunguka noti ile ile kwa mapambo madogo, na noti ndefu ikikatika katikati kwa sababu upinde umeteleza, kila mtu ukumbini anasikia. Kwa hiyo mimi nyuzi za bandia nazipa upinde wa pili, ule wa kubeba kwenye mvua, na wa kwanza naubakizia singa.

Hewa, ambayo haiwekwi kwenye bei

Singa hurefuka kukiwa na unyevu na hufupika kukiwa kukavu. Masika, Machi hadi Mei, Unguja, Mombasa au Tanga, singa zilizofungwa ndefu hulegea mpaka skrubu inafika mwisho na hakuna tena pa kukaza. Mpigaji anadhani zimekwisha, kumbe zilikatwa kwa hewa ya mahali pengine. Fundi wa Ulaya anayefanya kazi kwenye chumba kilichopashwa joto wakati wa baridi, au wa Nairobi wakati wa Januari kavu, atakuvishia kwa kipimo kinachofaa pale alipo. Ukishuka nao pwani umelegea.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Singa zilizokatwa fupi kwa ajili ya pwani, ukipanda nazo Dodoma wakati wa kiangazi au ukisafiri nazo Ulaya Desemba, zinafupika zaidi. Hata ukilegeza skrubu mpaka mwisho, bado zinaubana mti mchana na usiku, na siku moja kichwa kinatoka. Kwa hiyo anayekaa pwani muda wote aombe fupi kidogo. Anayesafiri sana aombe za kati, na awe na upinde wa pili. Na kila mmoja, kila baada ya kupiga, alegeze mpaka mti urudi kwenye mkunjo wake. Singa ikikatika ukumbini, ikate kwa mkasi karibu na fundo. Ukiivuta unalegeza kabari, na zilizobaki zitafuata moja moja.

Ukiamua kuutuma

Tafuta bomba la plastiki la maji, lenye upana wa kuuingiza upinde bila kusukuma, refu kuzidi sentimita 80 ili upinde wenye sentimita 74 au 75 ukae na nafasi pande zote. Legeza singa, funga upinde kwa kitambaa laini au sponji kuanzia kichwani, uingize, jaza ncha zote mbili ili usicheze ndani, kisha ziba kwa vifuniko na utepe. Sanduku la karatasi halitoshi. Kichwa cha upinde hakistahimili kukandamizwa na mizigo mingine.

Ndani weka karatasi yenye mambo manne kwa maandishi makubwa: unaishi pwani au bara, unapiga ndani au nje, unataka singa nyeupe ambazo hazikung'arishwa kwa dawa, na kabari zisitiwe gundi. Andika pia skrubu ilikuwa imefika wapi mara ya mwisho ulipokaza, kwa idadi ya mizunguko. Fundi aliye mbali hajui unyevu wa kwako, lakini mizunguko hiyo anaweza kuihesabu mezani kwake na kuikata singa kwa urefu unaokufaa.